Gazeti Ambalo Hellen Hakulifungua

Hellen Chepngetich aliuza magazeti mjini Eldoret miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kufungua gazeti hata moja. Msimcheke. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Gazeti lisilonunuliwa hurudishwa kwa ajenti saa kumi jioni, na ajenti hulipokea likiwa limenyooka kama lilivyotoka mashineni. Likiwa na mkunjo, au alama ya kidole chenye mafuta ya mandazi, hilo ni lako, nenda nalo nyumbani. Kwa hiyo Hellen alizoea kulishika gazeti kwa kingo, kama mtu aliyeazimwa nguo ya harusi. Ya mbele aliyajua. Ya ndani aliwaachia wanunuzi.

Na hayo ya mbele aliyajua vizuri sana. Alisoma mpaka darasa la saba katika shule ya kuta za udongo kule Sugoi, na mwalimu alizoea kumsimamisha asome kwa sauti wakati watoto wa wenye ng'ombe wengi wamekwama kwenye mstari wa kwanza. Kilichomrudisha nyumbani ni karo, kichwa kilikuwepo. Basi kila asubuhi, kwenye veranda ya duka la vitambaa la Munira, alitandika gunia, akapanga magazeti, akaweka jiwe juu ya kila fungu, na watu wakaanza kuja. Wengi hawakununua. Walisimama mikono nyuma, wakasoma ukurasa wa mbele bure, kisha wakaenda kazini wakijiona wamejua mambo ya dunia. Wasiojua kusoma walimwuliza, "Mama Gazeti, leo wanasemaje?" Naye aliwasomea, kidevu juu, kwa sauti ya mtu asiyebahatisha. Wakati mahindi yalipoozea ghalani, wao walisikia kwake. Mwaka ule mbaya wa moto baada ya uchaguzi, barabara zilipofungwa na magari ya magazeti yakakosa kuja siku kumi, watu walikuja hivyo hivyo kusimama mbele ya gunia tupu.

Alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho ni Lennox.

Lennox alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka kumi, Jumapili, karibu na meko. Alama ya moto iko shingoni mwake mpaka leo. Kuanzia hapo kila mtu akawa daktari. Huyu alisema ni mashetani, yule akasema babu yake alikula kiapo cha uongo juu ya shamba. Kuna mama mmoja wa kanisani aliyetaka kijana amwagiwe maji baridi kila anapoanguka, na wakamwagia, karibu wamwue kwa homa ya mapafu. Mwalimu mkuu alisema anawatisha wengine, akae nyumbani. Miaka minane Hellen aliishi akisikiliza kishindo. Mpaka mtu mmoja mwenye akili akamwambia, kwani wewe hujafika kliniki ya kifafa? Akampeleka, akapewa vidonge, viwili asubuhi, viwili jioni. Akaanguka mara moja tena mwezi ule wa kwanza. Halafu ikapita miaka tisa bila kuanguka.

Miaka tisa! Lennox akapata kazi kwenye kituo cha kupozea maziwa cha ushirika, akipokea mitungi ya wakulima, akiyapima maziwa na kuyaandika. Na bado ile dawa ilikuwa na maadui. Ati inapumbaza. Ati inakausha damu. Mhubiri mmoja alikuja na mahema yake, akaweka gunia jukwaani, akawaambia wagonjwa watupe vidonge humo kama wana imani. Binamu zake Lennox walimsukuma aende. Hellen aliwajibu, "Iwapumbaze nyinyi. Wangu anapima maziwa ya watu mia mbili na hakosei nusu lita."

Ndipo Lennox akampata Chelimo, mwalimu wa chekechea kule Cheptiret. Hellen hakutaka kufichaficha. Alienda mwenyewe akawaambia watu wa msichana habari ya ugonjwa kabla hata chai haijamiminwa. Babake Chelimo alikuwa amefariki, na msemaji wa nyumba ile ni ami yake, Mzee Jackson, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya ambaye akisema jambo limesemwa. Mzee Jackson hakujibu siku hiyo. Alipanda gari mpaka kituo cha maziwa, akasimama pembeni asubuhi nzima akimtazama Lennox akifanya kazi. Kisha akatuma neno: "Huyo ni mtu. Leteni wazee wenu." Siku ya koito ikapangwa, ile siku ambayo watu wa mvulana hukaa na watu wa msichana, wakaulizana ukoo, tabia na magonjwa mpaka kila mtu aridhike.

Ilikuwa iwe Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyo, Hellen alikata kamba ya fungu la magazeti na kuona maneno haya, yameandikwa kwa herufi nene za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara:

DAWA YA KIFAFA YATAJWA KATIKA VIFO VYA WATU 31

Chini ya maneno hayo kulikuwa na picha ya kiganja chenye vidonge vyeupe, kisha mistari miwili tu, na mwisho wake: Endelea ukurasa wa 17.

Hakuendelea. Watu walishafika. Gazeti lenye kifo huenda mbio, na siku hiyo lilikwenda kama mkate wa moto asubuhi ya Krismasi. "Mama Gazeti, leo wanasemaje?" Akawasomea. Mara tano, mara sita, kwa sauti yake ile ile. Fundi wa saa Wanyama, msomaji wa bure wa kila siku, alisoma akapiga mluzi.

"Mama, hii si ndiyo dawa ya kijana wako?"

"Ndiyo."

"Wueh! Mtoe huko haraka. Watu thelathini na mmoja? Hiyo ni basi nzima."

Saa tatu hakukuwa na nakala iliyobaki hata ya kurudisha. Redio ya lugha ya nyumbani nayo ilishamaliza. Mtangazaji wa asubuhi huchukua magazeti, akasoma vichwa vya mbele kwa Kikalenjin, akaweka wimbo. Vichwa tu. Kufikia saa nne, Sugoi mpaka Cheptiret, mpaka wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, kila mtu alijua kwamba dawa ya kifafa inaua.

Hellen alimpigia Lennox simu.

"Umesikia?"

"Nimesikia kwa redio."

"Kliniki ni lini?"

"Tarehe ishirini na nne."

Zilikuwa bado wiki tatu. Hellen angeweza kuvuka mlango akamwuliza Munira, aliyekuwa amenunua nakala moja, kwamba huko ndani imeandikwa nini. Hakuvuka. Mtu aliyewasomea wengine miaka ishirini na tisa atamwendea jirani aulize gazeti limesema nini? Aliona aibu. Kwa ajili ya aibu hiyo ndogo, yakatokea yaliyotokea.

Jumamosi wakaenda Cheptiret, wazee wanne na akina mama watano. Maziwa ya kibuyu yakaletwa, ukoo ukaulizwa, ikaonekana hawana undugu wa kuzuia. Kila kitu kikaenda kama maji. Halafu Mzee Jackson akavua kofia, akaiweka gotini.

"Watu wa Sugoi, ugonjwa mlituambia. Hamkuficha, na tukawaheshimu kwa hilo. Lakini hamkutuambia dawa inaua."

Mzee mmoja wa upande wa Lennox akasema, "Mzee, hayo ni maneno ya redio."

"Redio imesoma gazeti. Na mwenye gazeti tunaye hapa." Akamgeukia Hellen. "Mama Lennox, wewe ndiye unayeyauza. Hebu tuambie, ni kweli ama ni porojo?"

Macho yote yakamjia. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema sijasoma. Maneno hayo mawili yangetosha. Lakini mbele ya wakwe, yeye anayejulikana kwa kusoma?

"Iliandikwa hivyo," akasema.

"Mmesikia," Mzee Jackson akawaambia watu wake. "Sasa mimi nitampaje binti wa marehemu ndugu yangu mtu anayemeza kifo kila asubuhi? Awe mjane kabla ya mtoto wa kwanza? Kijana aiache. Kuna mzee wa mizizi hapa karibu, mtu mzuri. Akiiacha tunaendelea. Asipoiacha, chai imeisha."

Lennox alitazama mlango wa jikoni, ambako Chelimo alikuwa pamoja na wasichana wenzake.

"Nimeiacha," akasema. "Kuanzia leo."

Akina mama wakapiga vigelegele. Siagi ya baraka ikaletwa, wakapakwa vichwani. Hellen naye alipakwa, na alipiga vigelegele pamoja na wengine.

Siku ya tisa, asubuhi, kituo kikiwa kimejaa punda na pikipiki za maziwa, Lennox alianguka. Alianguka kando ya pipa la maji ya moto ya kuoshea mitungi, na mkono wake wa kulia ukaingia ndani mpaka kwenye kiwiko. Wakamtoa. Akaanguka tena chini pale pale, akapasuka kichwa kwenye saruji. Na kabla gari halijapatikana, mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikataa kuisha. Watu wazima walilia.

Hellen alimkuta hospitalini akiwa hana fahamu. Siku mbili alikuwa hivyo. Kando ya kitanda alisimama muuguzi Diana wa kliniki ya kifafa, aliyemjua Lennox miaka yote hiyo tisa, na Diana alikuwa amekasirika hata hakukumbuka salamu.

"Nani alimwambia aache dawa?"

"Gazeti," Hellen akasema.

"Gazeti gani?"

"La Jumanne ile. Limesema dawa inaua watu. Thelathini na mmoja."

"Mama, gazeti hilo hilo lilisema wasiache!"

"Mwanangu, nililiuza mimi kwa mikono yangu."

"Uliuza. Ulisoma?"

Hellen akainama, akanyoosha shuka ya Lennox.

"Ukurasa wa kumi na saba," Diana akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe ni mgonjwa wa tano kwangu wiki hii. Namaanisha mtoto wako. Watano, Mama. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na huyo hakufika hapa akiwa hai."

Hellen alitembea kutoka hospitali hadi kwa Munira bila kujua ametembea. Munira hutumia magazeti ya zamani kukatia ruwaza za magauni. Akalitafuta kwenye rundo chini ya meza, akalipata. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa umekatwa upande mmoja kwa umbo la mkono wa gauni, lakini habari ilikuwa imesalia.

"Keti, Mama Hellen," Munira akasema. "Nikusomee?"

"Hapana. Nitasoma mimi."

Akalifungua. Mara ya kwanza. Alisoma kwa kidole, polepole, mstari kwa mstari. Wataalamu walikuwa wamefuatilia wagonjwa wa kifafa kwa miaka miwili. Thelathini na mmoja walikuwa wamefariki. Kati yao, ishirini na wanane walikuwa wameacha dawa, au walikuwa wakiikosa kwa sababu imekwisha zahanati, au kwa sababu wameambiwa na majirani kwamba ina madhara. Watatu waliobaki walikufa kwa mambo mengine, mmoja kwa ajali ya pikipiki. Madaktari walikuwa wakiomba serikali dawa isikosekane. Na mwishoni kabisa, kando ya ile sehemu iliyokatwa: mgonjwa yeyote asiache dawa ghafla, kwani kuacha ghafla kunaweza kuua.

Alisoma mara mbili ili asije akawa amekosea. Munira alimwona ameinamia karatasi, akadhani analia. Hakuwa analia.

Hebu mtu aeleze. Watu wamekufa kwa kukosa dawa, na wewe unaandika dawa imetajwa katika vifo vyao! Ni kama kusema maji yametajwa katika kifo cha mtu aliyekufa kwa kiu. Na uongo hapo hutauona ukiutafuta, maana dawa kweli imetajwa. Waliolipanga neno lile hawakuwa wajinga. Walijua kabisa kwamba "wagonjwa wafa kwa kukosa dawa" haiuzi. Nani atatoa shilingi zake asome kwamba zahanati haina dawa? Hiyo kila mtu anaijua. Wakachagua neno la kumkimbiza mtu mfukoni, na ukweli wakaufungia nyuma, kati ya bei za ng'ombe na matangazo ya mazishi.

Ofisi ya gazeti lile mjini iko ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Hellen alipanda. Akamkuta kijana mmoja mpole anaitwa Collins, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa juu ya habari. Akamwekea gazeti mezani, na ule mkono wa gauni uliokatwa ukaacha meza ionekane.

"Wewe ndiye uliandika hii?"

Collins akaisoma kidogo. "Ndiyo, Mama. Kuna makosa?"

"Hapa ndani hakuna. Umeandika vizuri, hata mtu wa darasa la saba anaelewa. Sasa fungua mbele. Hapo aliandika nani?"

Kijana akashusha macho. "Kichwa hatuandiki sisi, Mama. Ni wakubwa, Nairobi. Hata mimi nilishtuka."

"Ulishtuka ukafanya nini?"

"Nilipiga simu. Wakasema hakuna uongo hapo."

"Mtoto wangu amelala hospitali, mkono umeiva kama nyama. Wewe ukashtuka, ukakaa."

"Pole sana, Mama. Nitawaambia waweke ufafanuzi."

Na kweli waliuweka. Wiki iliyofuata, ukurasa wa ishirini na mbili, chini kushoto, mahali padogo kama kiberiti. Mistari mitano. Walisema kwamba kichwa cha habari "huenda kiliwachanganya baadhi ya wasomaji". Baadhi ya wasomaji! Yaani kosa ni la msomaji, amechanganyikiwa. Kile walichokipigia kelele kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, walikifuta kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Redio haikusoma hiyo. Redio husoma vichwa vya mbele.

Lakini hasira hiyo ilipotulia kidogo, Hellen aliona kwamba ndani yake kuna nyingine, na hii haikuwa ya Nairobi. "Iliandikwa hivyo." Nani alisema maneno hayo mbele ya watu?

Lennox aliamka siku ya tatu. Aliuliza maziwa yake yamepimwa na nani. Dawa ilikuwa imerudishwa, na Chelimo alikuwa akija kila siku baada ya kufunga chekechea. Ami yake alikuwa hajui anakuja.

Hellen akaenda Cheptiret peke yake. Mzee Jackson alimpokea vizuri, akaagiza chai. Alishasikia habari za ajali, alikuwa na huzuni, ila huzuni yake ilikuwa ya mtu anayerudisha posa polepole. Hellen hakunywa chai. Alimsomea ukurasa wote, pale pale kwenye kiti.

Mzee akaweka kikombe chini. "Sasa kwa nini waliandika vile mbele?"

"Ili niuze."

"Na wewe ulisema iliandikwa hivyo."

"Nilisema. Nilikuwa sijasoma, Mzee. Niliona aibu kusema sijasoma."

Mzee Jackson akakuna kidevu. "Basi yamekwisha, Mama Lennox. Kijana ameze dawa yake. Nitamwambia Chelimo."

"Hapana," Hellen akasema.

"Hapana nini tena?"

"Ulimwambia aache mbele ya watu wote, siagi ikapakwa juu yake. Leo unataka tumalizie hapa sebuleni, sisi wawili na chai? Wale wengine wataendelea kuamini nini? Wewe utayaondoa maneno yako pale pale, kwa watu wale wale. Na mimi yangu."

"Mama, mimi ni mzee. Unataka nisimame niseme nilikosea?"

"Mimi je, ni mtoto?"

Mzee alimtazama kwa hasira, na Hellen akamtazama vile vile. Watoto waliokuwa mlangoni wakaondoka. Mwishowe mzee akacheka kidogo kupitia puani. "Nyinyi watu wa Sugoi ni wagumu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi. Nitawaita."

Aliwaita kweli. Walikuja hata zaidi ya mara ya kwanza, maana habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mzee atakayejirudi. Lennox alikuja, mkono umefungwa mpaka begani, vidole viwili daktari alishasema havitakunjika tena. Safari hii Chelimo hakukaa jikoni. Aliketi karibu naye.

Hellen alisimama wa kwanza. Hakuinua kidevu. "Siku ile mliniuliza kama ni kweli. Nikasema iliandikwa hivyo. Gazeti nilikuwa nimeliuza, sikuwa nimelisoma. Nilisema juu ya kitu nisichokijua, na mtoto wangu akalipa. Leo nimelisoma." Akasoma. Alipofika kwenye wale ishirini na wanane, mzee mmoja akaguna kama aliyechomwa.

Mzee Jackson akasimama, kofia mkononi. "Mimi nilimwambia kijana huyu aache dawa. Mimi si daktari. Nilisikia redio. Maneno yangu yale nayaondoa. Mkijua mtu aliyeacha dawa kwa kuambiwa na sisi, mkamwambie pia." Alitaka kuketi, akasita. "Na binti yetu sasa ni wa watu wa Sugoi."

Hapakuwa na vigelegele. Watu walikuwa wakitazamana, kila mmoja akihesabu moyoni ni nani alimwambia nini. Chelimo akatoa vidonge viwili kwenye pakiti, kwa kuwa mkono wa Lennox haukuweza, akamtilia kiganjani.

Kutoka nyuma kabisa, karibu na ua, sauti ya bibi mmoja ikaita: "Nyinyi huko mbele! Mama Lennox! Sisi wa huku hatukusikia vizuri. Nina mjukuu nyumbani, anaanguka. Soma tena."

Hellen akapita katikati ya viti mpaka nyuma, akasimama mbele ya bibi yule, akalifungua gazeti na kuanza upya kutoka mstari wa kwanza.